Ngozi inakaza nje, figo zinalia ndani

  

Leo naomba tuyaweke kando mambo ya mapenzi. Najua wapo wanaonunua gazeti hili kwa ajili ya hayo tu, na mhariri wangu hapa ananikata jicho, lakini vumilieni, wiki moja haiui mtu. Ni hivi. Nilipoandika ile makala ya mikono laini na kucha, dada mmoja wa Moshono alinitumia ujumbe. Akauliza: "Anti, na mkono ukiwa mgumu kama ubao, hata mafuta hayaingii, dawa yake nini?" Anasema vidole vya dada yake vimekaza mpaka pete ya ndoa imekatwa kwa fundi. Asubuhi zenye baridi vinageuka vyeupe pee kama chaki, halafu bluu, halafu vyekundu vikianza kupata joto. Kapaka mafuta ya nazi, kapaka ya mgando, kapaka ya kondoo. Wapi!

Nilishtuka, kwa sababu hapa Nduruma kwetu nina jirani mwenye mikono ya aina hiyo hiyo, na yeye yalimfika makubwa. Nitawasimulia huko mbele. Ruhusa kanipa mwenyewe, ila jina naliweka kapuni kama ilivyo ada ya safu hii.

Dada wa Moshono, jibu fupi ni kwamba hiyo si kazi ya mafuta. Na usifunge gazeti kabla hujafika kwenye habari za figo, maana huko ndiko kwenye hatari yenyewe.

KITU GANI HIKI?

Wataalamu wanauita skleroderma. Ni maneno ya Kigiriki, maana yake ngozi ngumu, basi, hakuna mzimu ndani yake. Ukiwa umeingia mpaka viungo vya ndani wanauita sklerosisi ya mwili mzima.

Chukua mfano wa kidonda. Ukijikata na panga, mwili unaleta nyuzi za kuziba, linabaki kovu. Sasa kwa huyu mgonjwa askari wa mwili, yaani kinga, wanachanganyikiwa na kuishambulia nyumba yao wenyewe, na mwili unatengeneza kovu mahali ambapo hapakuwa na kidonda. Ngozi inakuwa nene, inang'aa, ukiifinya haifinyiki. Vidole vinajikunja. Mdomo unapungua upana mpaka kijiko cha wali kinakuwa kama sepetu. Chakula kinakwama kifuani, kiungulia hakiishi, wengine pumzi inakuwa fupi. Wanawake ndio wanaopatwa zaidi, wengi kwa mbali kuwashinda wanaume, na mara nyingi katika umri wa kulea watoto na kutafuta pesa.

Hauambukizi. Narudia kwa sauti, HAUAMBUKIZI. Si ukoma, si UKIMWI, wala si mkono wa wifi. Mtu mwenye ugonjwa huu unaweza kumshika mkono, kula naye sahani moja, kulala naye kitanda kimoja, hakuna kinachohama.

Na siyo kila mwenye vidole vinavyobadilika rangi kwenye baridi ana skleroderma. Wapo wengi wana hivyo vidole tangu usichana na hawana shida yoyote. Ila vikibadilika rangi NA kuvimba NA ngozi kuanza kukaza, hapo ndipo pa kunyanyuka.

Chanzo? Chote hakijulikani. Kuna la kurithi kidogo, kuna la mazingira. Moja la mazingira linatuhusu sana sisi wa Arusha, nalo ni vumbi la mawe. Mwaka 1914 daktari Byrom Bramwell wa Edinburgh aliandika kwamba kati ya wagonjwa wake wa ngozi ngumu, wengi walikuwa mafundi wa kuchonga mawe. Mwaka 1957 daktari Erasmus wa Afrika Kusini akaandika habari hiyo hiyo kwa wachimba dhahabu wa Witwatersrand. Mchawi ni silika, ule unga mwembamba unaotoka mwamba ukipigwa. Sasa sisi hapa tuna Mererani. Watafiti walipima vumbi la migodi ya tanzanaiti, wakachapisha mwaka 2003, na walikuta silika kupita kiasi kinachofaa kuingia kwenye mapafu ya binadamu. Wanaapolo wangapi mnawafahamu wanaoshuka na kitambaa tu puani? Haimaanishi kila mwanaapolo atapata ugonjwa huu, wengi zaidi wanaharibika mapafu. Ila kaka yangu, kama umewahi kushuka shimoni na vidole vimeanza kukaza, mwambie daktari kwamba ulikuwa Mererani. Usione aibu kwa sababu hukutoka na jiwe.

Kuna wanaosema ni maji yetu. Hapana. Maji ya huku yana makosa yake, mengi tu, ukinicheka meno utayaona. Shirika la Afya Duniani linataka floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi na mito kadhaa inayoshuka Meru inapita hapo mara kadhaa. Floridi inachafua meno, ikizidi inapindisha mifupa. Kukaza ngozi siyo kazi yake.

FIGO NA MFEREJI

Haya, sasa tuje kwenye lenyewe. Mtu anaona ngozi, anahangaika na ngozi, kumbe ule ukakamavu umeingia kwenye mishipa midogo ya damu inayokwenda kwenye figo.

Sisi wa Nduruma tumekulia kwenye mifereji, kwa hiyo nitalisema kimfereji. Wewe ni mkulima wa chini kabisa, zamu yako imefika saa 8 usiku, umeshika jembe na tochi, maji hayaji. Tope limejaa kwenye tawi linaloingia shambani kwako, ila wewe hulijui. Unampigia simu mwenye lango kule juu: "Mzee, fungua!" Anafungua. Hayafiki. Unapiga tena: "Fungua zaidi!" Mfereji mkuu unajaa, kingo zinapasuka, nyanya za watu zinazama, na shamba lako bado kavu.

Figo inafanya vile vile. Mishipa yake ikinenepa kwa ndani, damu inapita kidogo, figo inadhani mwili mzima hauna damu ya kutosha. Inapiga simu. Simu yenyewe ni kemikali inaitwa renini, ambayo inasababisha kutengenezwa kwa kemikali nyingine ya kubana mishipa ya mwili mzima. Presha inapanda. Na ubaya wa simu hii kuliko ile ya Nduruma, inabana hata ile mishipa ya figo iliyokuwa imeziba tayari! Damu inapungua zaidi, figo inapiga simu tena kwa hasira. Ndani ya siku au wiki chache, mtu aliyekuwa na presha ya kawaida maisha yake yote anafika 190 kwa 110 na figo zinaanza kuzima.

Madaktari wanaita hali hiyo dharura ya figo ya skleroderma. Haimpati kila mgonjwa. Wanaopatwa zaidi ni wale ambao ngozi imekaza kwa kasi, ikapita viwiko, ikafika mapajani au kifuani. Kwa hao zamani ilikadiriwa 10 hadi 15 katika kila 100, siku hizi imepungua. Wale ambao ugumu umebaki vidoleni na usoni, ni wachache sana. Na inapenda kuja mapema, miaka 4 au 5 ya kwanza tangu ngozi ianze kukaza. Yaani wakati ambao wengi wetu bado tunabadilisha mafuta na waganga.

JIRANI YANGU

Jirani yangu anauza mbogamboga. Jumatano na Jumamosi alikuwa anadamka kwenda gulioni Tengeru kuchukua mzigo, na ile baridi ya alfajiri ndiyo iliyoanza kumchezea vidole. Akavaa soksi mikononi, watu wakacheka. Baada ya miezi vidole vikavimba, kisha ngozi ikapanda mpaka mabegani. Ukweni wakasema katupiwa kitu. Kanisani wakasema ana kinyongo, asamehe. Mumewe, sijui nimsemeje, alianza kulala kwa rafiki zake kwa kisingizio cha zamu ya maji. Zamu gani ya maji wiki nzima, jamani?

Siku moja ndani ya hiace, abiria mwenzake akamwambia kuna vidonge vidogo vinaitwa prednisoloni, vinamaliza maumivu ya viungo siku hiyo hiyo. Akanunua kwenye duka la dawa, bila cheti, bila swali. Na kweli! Maumivu yakapungua, hamu ya kula ikarudi, uso ukajaa, watu wakamsifia kanenepa. Akaongeza. Vidonge 2 vikawa 4, vikawa 6 kwa siku.

Mimi nilimkuta kakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kashika kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, ila leo sioni vizuri. Naona ukungu kama wa mlimani."

"Kichwa kinauma?"

"Kinagonga, siku ya tatu leo. Na miguu hii, tazama, kandambili haziingii. Hata chooni siendi sana, nadhani ni jua."

"Mama, presha umepima?"

"Presha ya nini, mimi sina mawazo."

Tulipanda bodaboda mshikaki mpaka kituo cha afya. Nesi alipima mara ya kwanza akaangalia mashine kama imeharibika. Akapima tena. 196 kwa 118. Kwenye kadi yake ya kliniki ya mtoto wa mwisho alikuwa 110 kwa 70. Yule nesi, Mungu ambariki, hakumpa panadol akamwambia akapumzike. Alimshika vidole, akamtazama usoni, akauliza anakunywa dawa gani, akaandika rufaa hapo hapo kwa maandishi makubwa. Hospitali wakapima damu, kreatinini iko juu, figo zimeanza kuchoka.

Sasa kuhusu vile vidonge. Mwaka 1998 madaktari wa Pittsburgh, Marekani, Virginia Steen na Thomas Medsger, walionyesha kwamba wagonjwa wa skleroderma waliotumia miligramu 15 au zaidi za prednisoloni kwa siku walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata dharura hii ya figo. Kidonge cha kawaida dukani ni miligramu 5. Piga hesabu mwenyewe vidonge 6 ni ngapi. Sisemi prednisoloni ni sumu. Ina kazi zake, na kuna wagonjwa wanaandikiwa na daktari kwa kipimo kidogo na kuangaliwa. Ninachokisema ni kwamba kwa mwenye ngozi ngumu, kidonge kilichoshauriwa na abiria wa hiace ni kucheza na figo. Na wewe ambaye unavitumia muda mrefu na sasa umeshtuka, usivikate leo hii kwa ghafla, maana hilo nalo lina hatari yake. Nenda kwa daktari, avipunguze taratibu.

Wenye maduka ya dawa, mnanisoma. Hamsini hamsini ya lawama hii ni yenu.

NYOKA ALIYELETA DAWA

Hapa ndipo habari inapogeuka, na mimi hapa napapenda.

Zamani hali hii ilikuwa hukumu. Mwaka 1952 wataalamu wawili wa Uingereza, Moore na Sheehan, walieleza figo za watu 3 waliokufa hivyo, na kwa miaka karibu 30 iliyofuata madaktari walikuwa na kazi ndogo zaidi ya kuangalia. Wengine walifikia kumtoa mgonjwa figo zote mbili ili presha ishuke.

Wakati huo huo huko Brazili kuna nyoka, jararaca, akikugonga presha inaporomoka mpaka unaanguka. Mwanasayansi wa huko, Sérgio Ferreira, akachunguza sumu hiyo miaka ya 1960 na kukuta ndani yake kitu kinachogusa mishipa ya damu. Akaibeba mpaka maabara ya John Vane, London. Kutokana na njia hiyo, wakemia wawili wa kampuni ya Squibb huko Marekani, David Cushman na Miguel Ondetti, wakatengeneza kidonge mwaka 1975. Jina lake kaptoprili.

Ndiyo, hii hii kaptoprili anayotumia bibi yako! Haina maajabu kwenye pakiti, ipo hospitali za wilaya, ipo maduka ya dawa, bei yake haiumizi. Kwa lugha yetu ya mfereji, kaptoprili inakata ile simu. Figo inapiga, hakuna anayepokea, mishipa inalegea, presha inashuka, na damu inaanza kupenya tena.

Mwaka 1979 ikaripotiwa kwa mara ya kwanza kwamba wagonjwa wa dharura hii wamepewa kidonge hicho na wamepata nafuu. Mwaka 1990 Steen na wenzake wakatoa hesabu ya wagonjwa 108. Katika wale ambao hawakupata dawa za kundi hilo, waliofika mwaka mmoja wakiwa hai walikuwa asilimia 15. Waliozipata, asilimia 76. Soma tena hapo. Ngozi ile ile, figo zile zile, tofauti ni kidonge.

Lakini, na lakini hii ni kubwa, kidonge hakifufui figo iliyokwisha kufa. Kinatakiwa kianze mapema, hospitalini, presha ikipimwa kila siku na dozi ikipandishwa haraka mpaka ishuke. Kuna mambo mawili watu wanayakosea. La kwanza, kreatinini ikiendelea kupanda siku za mwanzo, mgonjwa au ndugu wanasema dawa inamharibu, wanaiacha. Usiiache bila daktari aliyekuandikia. La pili ni wale wajanja watakaosema, aa, basi nianze kumeza kaptoprili leo nijikinge. Hapana. Kumeza mapema wakati presha ni nzuri hakujaonyesha kinga yoyote, na utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha waliokuwa wakizimeza kabla ya dharura ndio waliokufa zaidi. Na mama mjamzito aseme mapema kabla hajaandikiwa, dawa hizi zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, daktari ndiye wa kupima lipi zito.

JUA NAMBA YAKO

Dada wa Moshono, kwa hiyo dada yako afanye nini? Kwanza apate mtu wa kumthibitishia ni nini hasa. Sisi wa huku tuna bahati moja, KCMC pale Moshi, saa moja na ushee kwa basi. Pana kituo cha kufundishia madaktari wa ngozi cha kanda, kipo tangu mwaka 1992, na watu wanatoka nchi nyingine za Afrika kuja kusoma pale. Sisi tunapita mbele yake tukienda harusini.

Pili, presha. Katika miaka hii ya mwanzo, kama ngozi inasambaa, asisubiri kliniki ya mwezi. Apime nyumbani mara kadhaa kwa wiki, aandike kwenye daftari. Mashine ndogo ya kufunga mkononi inauzwa mjini kwa bei ya kuku wachache, na familia au kikundi cha vikoba kinaweza kununua moja ikazunguka. Hapo kuna siri. Namba ya kuogopa siyo 140 kwa 90 peke yake. Mtu aliyezoea 100 kwa 60 akikuta 130 kwa 85, kwa wengine ni ya kawaida, kwake yeye mwenye ngozi ngumu ni kengele. Namba ya juu ikipanda kwa 30, au ya chini kwa 20, kuliko ilivyo kawaida yake, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haumwi popote. Ndiyo maana daftari. Usipoijua namba yako ya siku njema, ya siku mbaya utaijuaje?

Nyingine za kumkimbiza ni kichwa kisichosikia dawa, macho kuona ukungu, mkojo kupungua au kuwa na povu, miguu kuvimba, pumzi kukatika akilala chali, na degedege kwa mtu mzima. Wapo wachache, kama 1 katika 10, figo zinaharibika na presha haijapanda kabisa. Hao wanaokolewa na kipimo cha damu cha kreatinini na cha mkojo, kwa hiyo navyo vifanywe mara kwa mara. Na akifika kwa daktari yeyote, hata wa meno, sentensi ya kwanza iwe: "Nina skleroderma." Daktari wa zamu usiku ana wagonjwa 40, presha anaona kila siku. Akilisikia neno hilo ndipo atajua hii presha ina jina lake.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo mtaani tunakula kama karanga, zinazikandamiza figo. Asijinunulie. Na lile kande la magadi, ninalipenda sana, ila magadi ni chumvi nayo, na ya huku huwa na floridi yake. Figo ndizo zinazotoa floridi mwilini, zikichoka inabaki ndani. Achemshe kande muda mrefu bila magadi, mkaa utaongezeka, basi.

Wapo watakaokushauri dawa za miti. Sigombani na mtu. Nakumbusha tu mwaka 2011, nchi nzima ilipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Magari yalipita Arusha usiku na mchana. Wapo waliokunywa wakaacha dawa zao za hospitali, na figo haijui kama umekunywa kikombe. Kama ni lazima ujaribu, jaribu kitu kwenye ngozi. Presha usiiguse.

Je, figo zikizima kabisa? Hapo ni mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, karibu saa 4 kila mara. KCMC ipo, na sehemu nyingine nchini zimeongezeka. Gharama yake bila bima inauza ng'ombe, halafu shamba, halafu inarudi tena kesho kutwa. Kama familia ina uwezo wa kukata bima, ikate kabla ya ugonjwa. Figo ya kupandikizwa nayo siku hizi haihitaji ndege ya India, Muhimbili walianza Novemba 2017 na Benjamin Mkapa ya Dodoma wakafuata mwaka 2018.

Lakini kwa ugonjwa huu kuna jambo ambalo wengi wenye figo zilizokufa kwa sukari hawalipati. Mwaka 2000 Steen na Medsger walitoa habari za wagonjwa 145 waliotibiwa kwa kundi la kaptoprili. Watu 55 hawakuhitaji mashine kabisa. Wengine 34 waliwekwa kwenye mashine na baadaye WAKAIACHA, figo zikaamka zenyewe, kwa baadhi yao baada ya mwaka na zaidi. Ndiyo maana madaktari hawana haraka ya kupandikiza, na ndiyo maana mgonjwa aliye kwenye mashine anatakiwa aendelee na kidonge. Waliobaki 56, nusu walikufa mapema na nusu walibaki kwenye mashine moja kwa moja. Sitaki kuwadanganya kwamba wote wanapona.

Jirani yangu alikaa kwenye mashine miezi 7. Mbuzi waliisha wote, na sehemu ya shamba la vitunguu imekodishwa kwa mtu. Kisha mkojo ukarudi. Leo haendi kwenye mashine, figo zinafanya kazi kama nusu hivi, anameza vidonge vyake asubuhi, mchana na jioni, na vidole bado vigumu, sina uongo. Gulioni anamtuma binti. Yeye anakaa mlangoni na daftari la presha, juu limeandikwa "Madeni", kwa sababu ndilo lililokuwepo. Jana ilikuwa 118 kwa 74. Mumewe karudi nyumbani, anasema zamu ya maji imebadilishwa.

Dada wa Moshono, nijulishe mkifika KCMC. Wengine, wiki ijayo narudi kwenye ile barua ya kaka wa Usa River ambaye mchumba wake amemwambia hamtaki mpaka aoge maziwa ya mbuzi. Nimeisoma mara 3 na bado sijaielewa.